Ramani Iliyoshonwa kwa Cherehani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa saba, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Bilabreki aliijua saa hiyo kwa uhakika kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa ametoka kuitazama saa ya ukutani, akajiambia kwamba zimebaki siku kumi na moja, na kwamba tangu azaliwe hajapata kuona mpango ulionyooka kama huu.

Alikuwa fundi baiskeli, na jina la Bilabreki hakupewa kwa ajili ya baiskeli. Baiskeli yoyote iliyopita mikononi mwake ilisimama pale mwenyewe alipotaka isimame. Jina lilitokana na mdomo. Akianza kuwasema wakubwa, wakubwa wa barabara, wakubwa wa maji, wakubwa wa kila kitu chenye muhuri, hapakuwa na wa kumsimamisha. Mvua ikizidi, ni wao. Isiponyesha, ni wao vilevile, wamekula fungu la mawingu. Watu walicheka, lakini hawakumbishia sana, maana walijua jambo lilikoanzia. Miaka mitatu nyuma mkewe alizidiwa mchana kweupe, na gari la wagonjwa lilikuwa limelala uani bila betri. Betri mpya ilikuwepo, imefungiwa stoo. Mwenye ufunguo wa stoo alikuwa semina. Semina yenyewe ilihusu huduma ya haraka.

Lakini asubuhi ile hakuwa na neno na mtu. Alikuwa anapiga mluzi huku akinyoosha rimu, anakaza spoki moja, anazungusha, anakaza nyingine. Aliyeileta hiyo baiskeli, dereva wa lori la mbao, alikuwa ameketi juu ya kasha, kofia ya sufu kichwani na jua linawaka, akisubiri. Baiskeli ilikuwa ya mkewe, na rimu aliipinda yeye wakati anarudisha lori nyuma, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Macho yake yakazunguka karakana, yakatua ukutani.

"Fundi, hii ramani ya nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Bilabreki alimngojea kila mteja aliulize tangu mwezi wa nne. Akaweka spana chini.

Ni ya safari, alisema. Yeye, binti yake muuguzi, na shemeji yake fundi cherehani wa chumba cha pili, mdogo wa marehemu mkewe. Wanakwenda kuvuka milima kwa baiskeli, mapito matatu. "Pito ni pale mlima unapochoka kuringa," alimweleza. "Unainamisha bega kidogo, binadamu anapita." Siku nne za kuendesha, ya tano wanapumzika ng'ambo, ya sita wanarudi na basi. Muuguzi mkuu amempa binti siku sita za likizo, na hata saa moja ya nyongeza haipo, kwa sababu siku inayofuata, Ijumaa alfajiri, gari litampeleka kituo kipya, mbali, kwa miaka miwili.

"Wamemhamisha," alisema Bilabreki. "Waliona nimebaki na mtoto mmoja, wakaona nimezidishiwa."

Hapo ndipo penye uchungu na utamu wa mpango wenyewe. Tangu mama mtu afariki, baba na binti waliishi kama watu wa zamu: huyu anatoka, yule anaingia, sufuria iliyofunikwa mezani ndiyo inayosalimia kwa niaba. Walikuwa hawajagombana. Walikuwa hawajakaa, basi. Siku sita hizi akizikosa, nyingine ni baada ya miaka miwili, na magoti yake tayari yalikuwa na miaka hamsini na minane. Hayo ya magoti hakumwambia dereva.

Dereva aliinuka, akasogeza kidole kwenye ramani.

"Hapa mmelala?"

"Siku ya pili, chini ya mlima."

"Na hapa?"

"Siku ya tatu. Hapo tumeshapita mapito mawili, limebaki la juu."

Dereva akavua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. "Mimi napita hapo kila wiki, Fundi. Kutoka hapa mpaka hapa natumia kutwa nzima na lori. Nyie mnataka kufika kwa miguu ya kuku?"

"Lori lako bovu."

"Bovu, sikatai. Lakini ubovu wa lori haujapata kuongeza kilomita. Mita yangu inasoma sabini na kitu."

Bilabreki aliitazama ramani. Kwa kipimo chake ilikuwa thelathini na tano.

Kipimo hicho alikitunga mwenyewe na kilikuwa cha akili. Hakusoma sana, shule ilimwacha darasa la nne, au yeye aliiacha, kila mmoja alisimulia kivyake. Lakini barabara ya kutoka mjini mpaka daraja la machimbo aliijua kama kiganja, kilomita thelathini na tano, aliziendesha miaka na miaka. Akachukua waya wa breki, akaulaza juu ya barabara hiyo kwenye ramani, kona kwa kona, akaukata pale pale darajani. Waya mmoja, kilomita thelathini na tano. Kisha akautembeza waya mpaka mwisho wa safari, akihesabu. Mwenye shule asingefanya vizuri zaidi, na angechelewa.

Dereva aliondoka na baiskeli ya mkewe, taratibu, kama mgeni aliyepasua glasi ya watu na sasa anaaga kwa adabu. Bilabreki akashusha ramani ukutani, akaikunja, akaingia chumba cha pili.

"Shemeji, vaa viatu."

Fundi cherehani alikuwa na pini mdomoni. "Kuna nini?"

"Tunakwenda kudai milima yetu. Wameipunguza nusu."

Ofisi ya ramani ilikuwa chumba kirefu chenye makabati ya chuma ya droo nyembamba, na karani mmoja, mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Bilabreki alianza kusema kabla mlango haujafunga nyuma yake. Alisema juu ya raia anayeuziwa kilomita nusu nusu, akipunga waya wake wa kupimia. Alisema juu ya watu wanaochora milima wakiwa wamekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Alifika mpaka kwenye betri ya gari la wagonjwa. Karani alikoroga chai yake, akaionja, akaongeza sukari.

"Umemaliza, Mzee?"

"Bado, lakini sema."

Akaitandaza ramani mezani. Karatasi mbili, ya tambarare na ya milimani, zimeshonwa juu ya kitambaa cha marekani, zimeunganishwa katikati kwa mshono mmoja mrefu. Karani alipitisha kidole juu ya ule mshono.

"Nani kashona?"

"Mimi," shemeji mtu alisema, kifua mbele. "Mshono wa mara mbili. Vuta hata kwa trekta."

"Mzuri kweli. Na pembe ziko wapi?"

"Pembe zipi?"

"Za pembeni kwa chini. Huwa kuna maandishi."

Fundi cherehani akakohoa. Akamtazama shemeji yake. Shemeji yake akatazama kabati.

Siku ya kushona, mwezi wa nne, zile pembe ndizo zilizoleta ubishi pekee. Zilikuwa zinazuia karatasi zisikutane vizuri. "Haya maandishi ni ya nini?" aliuliza fundi cherehani, mkasi mkononi. "Majina ya wakubwa na tarehe walizokula," alijibu Bilabreki. "Kata." Wakakata. Barabara zikakutana kama vidole vya mikono miwili. Mto tu ndio uligoma: upande wa tambarare ulitoka mahali pamoja, upande wa milimani ukaingilia shubiri nzima mbali zaidi. Shemeji mtu alisita. Bilabreki hakusita hata kidogo. Alisema mto umehamishiwa shamba la mkubwa fulani, na akamtaja.

"Karatasi ilikuwa nzuri, ngumu," shemeji mtu alimwambia karani kwa sauti ndogo. "Zile pembe nimezitumia kupimia kola. Za wateja."

Karani hakucheka, na kwa hilo Bilabreki alimpa heshima kimoyomoyo. Alivuta droo, akatoa karatasi mbili mpya, zenye pembe zake zote nne. Akaweka ukucha chini ya mstari.

"Nisomee hapa, Mzee."

Bilabreki alisoma kwa kidole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Sentimita moja... ni nusu kilomita."

"Na hapa, ya milimani?"

"Sentimita moja ni..." Kidole kikasimama. "Kilomita moja."

"Tambarare kuna watu wengi, nyumba, njia, tunachora kwa ukubwa. Milimani watu wachache, tunachora kwa udogo. Waya wako kule unabeba mara mbili."

"Na mto?" aliuliza. Ilikuwa kete yake ya mwisho. "Mto uliohamishwa?"

"Mto uko palepale tangu Mungu auumbe. Zilizohama ni karatasi zenu."

Bilabreki alitafuta mkubwa wa kumsema. Alitafuta kwa bidii, juu ya makabati na chini ya meza. Aliyetoa amri ya kukata alikuwa yeye. Aliyepima alikuwa yeye. Na kwenye daftari la safari, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake ulioegemea kama uzio mbovu, paliandikwa: Mwenyekiti wa Safari, na aliyetajwa hapo ni yeye.

Walirudi wakisukuma baiskeli. Hakusema neno mpaka wakavuka barabara kuu, wakapita shimo ambalo kwa kawaida lilimchukua dakika saba kulieleza.

"Shemeji, unaumwa?"

"Nafikiri."

"Ndiyo maana nikauliza."

Binti alikuwa ametoka zamu. Alikaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, macho yamefumba. Bilabreki alisimama mlangoni na ramani kwapani. Njiani alikuwa ameshatengeneza maneno. Angesema wakubwa wamefunga barabara ya milimani. Angesema daraja limevunjika na fedha za kulijenga zimeliwa. Nani asingeamini? Maneno hayo angeyasema hata usingizini, na safari ingekufa bila mtu kumnyooshea kidole.

"Mama," alianza. Ndivyo alivyomwita binti yake tangu akiwa mchanga. "Wakubwa..."

"Wamefanya nini tena, Baba?"

Akamtazama. Binti alikuwa na vidole vya miguu vya mama yake, kile cha pili kirefu kuliko cha kwanza.

"Hawajafanya kitu," alisema. "Ni mimi."

Binti alifumbua macho, akatoa mguu mmoja majini. "Rudia."

"Sirudii. Umesikia."

Akamweleza yote, pembe, mkasi, waya, mto. Alipofika kwenye kola binti alianza kucheka, akacheka mpaka maji ya beseni yakamwagika, mpaka mjomba mtu, aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akisubiri hali ya hewa, akajitokeza naye akacheka. Bilabreki alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Kisha binti akajipangusa macho, akaomba daftari. Akahesabu. Tambarare siku mbili, milimani siku nne badala ya mbili, jumla sita, na kurudi ni saba. "Mimi nina sita."

"Tuache pito la tatu," alisema mjomba.

"Pito la tatu ndilo la juu," alisema Bilabreki. "Kwenda milimani ukaliacha ni kwenda harusini ukaishia kushika viatu vya watu."

Fundi cherehani akakuna kidevu. "Shemeji, nikuulize kitu kimoja cha kawaida. Kiongozi akivuruga kazi, wewe huwa unasema afanyeje?"

Bilabreki akanung'unika kitu.

"Sikusikia."

"Ajiuzulu, nimesema. Una masikio ya kushonea?"

"Haya basi."

"Mjomba, muache," alisema binti, lakini mkono wake ulikuwa umeshachukua kalamu.

Hivyo ndivyo Bilabreki alivyoachia madaraka, uani kwake, juu ya ndoo, kwa kura mbili dhidi ya moja. Ile moja ilikuwa yake, na alidai iandikwe. Mwenyekiti mpya alifuta jina moja, akaandika jingine, akatoa amri ya kwanza bila kuinua kichwa: tambarare hawaendeshi. Watapanda lori mpaka chini ya mlima, Jumamosi asubuhi. Jumapili mpaka Jumatano ni milima. Alhamisi basi.

"Tupakiwe kama kabichi?"

"Kama mbao, Shemeji," alisema mjomba mtu. "Lori ni la mbao."

Na mwenye kwenda kumwomba dereva, mwenyekiti aliongeza, ni yule aliyesema lori lake bovu.

Alikwenda kesho yake. Dereva alimsikiliza akiwa amelala chini ya lori, miguu tu ikionekana, na ile miguu ilichukua muda kujibu.

"Jumamosi hiyo naondoka mtupu, alfajiri. Nitawapeleka. Ila ukimsema mkubwa hata mmoja njiani, nakushusha."

"Hata wa barabara?"

Miguu ikafikiri. "Wa barabara ruksa. Huyo hata mimi namsema."

Siku zilizobaki zilikuwa za kazi. Bilabreki alifungua magurudumu yote matatu ya nyuma, akaweka gia kubwa kama visahani, maana sasa alijua mlima una urefu gani. Alipunguza kila kitu kinachopunguzika: kengele, taa za mapambo, hata kisanduku cha spana akakibadilisha na kamfuko. Mjomba alishona mikoba ya turubai ya kuning'iniza pande mbili za karia, mishono ya mara mbili, na suruali tatu zenye sponji makalioni. Alipojaribisha yake uani, majirani wakamuuliza ana miezi mingapi.

Na kila jioni jua likiwa bado lipo, binti alimpeleka baba yake kilima cha tangi la maji, baiskeli imepakiwa mzigo kamili. Bilabreki alipanda. Alipanda vizuri kuliko alivyotarajia, mgongo umeinama, anasema na pedali, analiahidi goti la kushoto mafuta ya kuchulia na goti la kulia likizo. Juu kabisa binti alimshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake ya kiuuguzi.

"Ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi ni ngapi?"

"Nikikutajia utasema kipimo cha serikali."

"Serikali iko wapi hapa? Umenishika na vidole vyako."

"Na mimi ni nani, Baba? Nalipwa na nani? Ufunguo wa stoo sikuwa nao mimi, lakini koti la hospitali ni lile lile."

Hapo chini mji ulionekana wote, mabati na vumbi na moshi wa majiko. Bilabreki alikuwa hajawahi kumwona binti yake hivyo, amevaa lile koti. Miaka yote mitatu aliwasema watu wa hospitali mlangoni wakipishana, na huyu akapita kimya na kwenda zamu. Binti hakuuachia mkono wake upesi, ingawa alikuwa amemaliza kuhesabu. Wakateremka bila haraka, breki zote mbili.

Ijumaa alasiri kila kitu kilikuwa tayari. Baiskeli tatu zimeegemezwa ukutani karakana, mikoba imefungwa. Ramani mpya, yenye pembe zake, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa inakimbia. Mjomba alikuwa anamalizia kofia ambazo hakuna aliyeziagiza. Binti aliingia na daftari, akakaa juu ya lile kasha la wateja.

"Baba, limebaki jambo moja."

"Mafuta ya mnyororo nimeweka."

"Si mafuta." Akafungua ukurasa. Jumatano asubuhi, alisema, chini ya pito la tatu, kuna njia panda. Kulia unapanda. Kushoto unashuka mpaka kituo cha basi. Dereva amethibitisha, na karani wa ramani amethibitisha, alimpitia mwenyewe. "Pale nitakupima, kama kule tangini. Nikiona sawa, tunapanda. Nikiona si sawa, tunashuka kushoto, wote watatu, bila hotuba."

"Nimepanda kilima cha tangi siku tisa mfululizo."

"Na mapigo yako siku tatu kati ya hizo hayakunipendeza. Tangi ni kilima. Kule hewa yenyewe ni haba."

"Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Ndiyo. Na pale nitakuwa mwenyekiti."

Bilabreki akainama, akabonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu kama jiwe. Akalibonyeza tena. "Tangu nianze kunyoa ndevu," alisema polepole, "sijapata kumtii mtu kwa sababu tu ameandikwa kwenye karatasi."

"Najua. Ndiyo maana nauliza leo hapa, nisije nikauliza kule." Sauti ya binti ilikuwa ya upole, ile anayoitumia kwa wagonjwa kabla ya sindano. "Usiponijibu, mimi baiskeli yangu haipandi lori kesho. Nitakaa hapa nyumbani siku zangu sita, tutazamane. Sitaki kukubeba, Baba. Nimeshabeba watu wa kutosha. Kwa hiyo nikisema tushuke, utashuka?"

Bilabreki akahamia tairi la nyuma, akalibonyeza. Akanyanyua gurudumu, akalizungusha, akasikiliza linavyokwenda, kana kwamba jibu liko ndani ya beringi. Binti alingoja, kalamu juu ya daftari, mahali palipoachwa wazi.

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa imenyamaza kitambo.

"Shemeji," sauti ikapenya tofali, "umeulizwa. Utashuka, au hushuki?"